Naomba ushauri: Biblia imechapwa mwaka 1599, nitajuaje ni toleo lipi?

Mkutubi wa Mkoani

Habari zenu wakuu. Nafanya kazi kwenye maktaba ndogo ya kanisa huku Tanga. Tumeanza kuingiza kwenye Koha, programu ya kompyuta ya kuorodhesha vitabu vya maktaba, vitabu vya zamani vilivyoachwa na wamisionari wa Kiingereza. Vingi havina shida: mwaka upo, mchapaji yupo, unaandika unasonga mbele. Kimoja kimenikwamisha.

Ni Biblia ya Kiingereza, nene, urefu kama sentimita 22, jalada la ngozi limeachia mgongoni. Kurasa za mwanzo hazipo, inaanzia Mwanzo sura ya 3. Ukurasa wa jina wa Agano Jipya ni mzima, na chini yake pamechapwa "Imprinted at London by the Deputies of Christopher Barker" na mwaka 1599. Mwishoni zimefuata Zaburi za kuimba zenye ukurasa wao wa jina, mwaka 1630. Pembezoni kote kumejaa maelezo ya herufi ndogo sana.

Mtandaoni nimeona picha za Biblia za 1599 zinazofanana kabisa na hii, lakini kila maktaba inaieleza kivyake. Je, hii ni ya 1599 kweli? Ni toleo lipi? Na kwenye rekodi niweke mwaka upi?

Kijana wa Posta

Mkuu, kitabu cha miaka zaidi ya 400 si mchezo! Kabla ya kuhangaika na rekodi tafuteni mtu wa kukithaminisha. Huenda kanisa likapata paa jipya.

Bi Nyaraka

Mkutubi, pole na kazi. Nimeorodhesha vitabu vya aina hiyo kwa miaka mingi, na ushauri wangu wa kwanza ni huu: mwaka 1599 kwenye Biblia ya Geneva, ambayo ndiyo hiyo yako, usiupokee mpaka kitabu chenyewe kiuthibitishe.

Biblia hii ni kazi ya Waingereza waliokimbilia Geneva enzi za Malkia Mary, ikatoka mara ya kwanza 1560. Watu waliipenda kwa sababu ya hayo maelezo ya pembezoni unayoyaona, na Mfalme James aliichukia kwa sababu hiyo hiyo. Tafsiri aliyoiagiza yeye ilitoka 1611, na baada ya 1616 Geneva haikuchapwa tena Uingereza. Wasomaji wake hawakupotea. Wachapaji wa Uholanzi, wa Amsterdam na Dort, wakaendelea kuitoa na kuivusha bahari, wakiweka jina lile lile la London, mchapaji yule yule na mwaka ule ule 1599. Zipo zilizochapwa miaka ya 1630 ambazo ukurasa wa jina unasema 1599. Barker mwenyewe alifariki mwishoni mwa 1599.

Kwa hiyo chini ya ukurasa wa jina mmoja yamejificha matoleo kadhaa. Wauzaji hupenda kuonyesha Mwanzo 3:7, pale Adamu na Hawa wanapojishonea "breeches", kana kwamba neno hilo ni ushahidi wa toleo. Halikusaidii, maana limo katika Geneva zote.

Sasa kwa nini picha ulizoziona zinafanana? Mpangaji wa herufi aliweka nakala ya zamani mbele yake na kuifuata ukurasa kwa ukurasa. Kila ukurasa unaanza na kuishia pale pale. Ukilinganisha maneno ya kwanza ya kurasa utazunguka bila kufika. Tafuta vitu ambavyo hakuna aliyejali kuviiga. Chini ya kurasa za kulia kuna alama kama Aa2, Bb3, zilizowekwa ili mfunga vitabu ajue mpangilio wa karatasi. Mpangaji aliziweka mahali popote chini ya mstari wa mwisho. Katika toleo moja hiyo 2 itakaa chini ya "h" ya neno "the", katika jingine itakuwa imesogea hadi chini ya neno linalofuata. Wapangaji wawili hawawezi kugongana hapo ukurasa baada ya ukurasa.

Chagua kurasa zilizotawanyika: Mwanzo, Zaburi, Isaya, Mathayo, Ufunuo. Piga picha kamera ikiwa juu kabisa ya ukurasa, si kwa pembe, kisha linganisha na nakala za mtandaoni ambazo maktaba zake zimeshatambua toleo. Angalia pia tahajia, kwa mfano "he" na "hee", "doe" na "do". Mpangaji alikuwa akirefusha au kufupisha neno ili mstari ujae, na hapo kila mtu alikuwa na uamuzi wake. Halafu tazama herufi kubwa za mapambo mwanzoni mwa sura. Zilichongwa kwenye ubao, na ubao ukipasuka ufa wake unaonekana kwenye kila karatasi iliyochapwa baada ya hapo.

Orodha ya kukuongoza ni ile ya A. S. Herbert ya 1968 kuhusu Biblia za Kiingereza zilizochapwa. Hizi za 1599 amezitenganisha, kila moja na namba yake. Tumia na ESTC, katalogi ya vitabu vya Kiingereza vya kabla ya 1801.

Kijana wa Posta, mwanangu, Geneva za 1599 zimebaki nyingi duniani, na isiyo na kurasa za mwanzo haina bei kubwa. Thamani yake kwa maktaba ya Tanga ni kwamba imefika Tanga.

Karatasi na Wino

Naongezea kwenye alichosema Bi Nyaraka. Kabla ya kulinganisha chochote, jua umbo la kitabu, usije ukakilinganisha na toleo la umbo jingine. Shika ukurasa mmoja uelekee dirishani. Utaona mistari myembamba iliyopishana sentimita mbili hivi, ni alama ya waya za kichujio kilichotengenezea karatasi. Ikiwa imelala na alama ya maji (pambo hafifu ndani ya karatasi linaloonekana kwenye mwanga) iko katikati ya mkunjo wa ndani, karatasi ilikunjwa mara mbili, ikatoa majani manne. Ikiwa imesimama na alama ya maji iko katikati ya jani, ilikunjwa mara moja. Ikiwa imesimama lakini alama iko juu, ndani kwenye mkunjo, ilikunjwa mara tatu.

Hapa wageni wengi huchanganyikiwa: Geneva za ukubwa wa yako mara nyingi zina majani manane kila kitita (fungu la majani yaliyokunjwa na kushonwa pamoja), mtu akahesabu nane akaandika kwamba ilikunjwa mara tatu. Kumbe ni karatasi mbili za majani manne, moja imeingizwa ndani ya nyingine. Mistari ya waya ndiyo itakayoamua, si hesabu ya majani. Na kwenye herufi za vitita usitafute J wala W, alfabeti yao ya kazini ilikuwa na herufi 23.

Usivae glavu za pamba. Mikono safi na mikavu inatosha, glavu zinachana kingo za karatasi. Na jalada lililoachia lisigundishwe na mtu yeyote kabla hujamaliza. Mgongo ukiwa wazi hivyo unaona mishono vizuri.

Mswahili wa Lisbon

Mada nzuri sana hii. Huku niliko kuna mfano maarufu unaotuhusu sisi wa pwani. Utenzi wa Camões, mshairi wa Kireno, wa safari ya Vasco da Gama, ule wenye mapokezi ya Mfalme wa Malindi, ulichapwa Lisbon na António Gonçalves mwaka 1572. Nakala zote zina mwaka huo, lakini ziko za aina mbili. Kwenye pambo la ukurasa wa jina kuna ndege mwari: katika nakala nyingine amegeuza kichwa upande mmoja, katika nyingine upande wa pili. Na mstari wa saba wa ubeti wa kwanza, nakala nyingine zinaanza "E entre gente remota", nyingine "Entre gente remota". Wataalamu wamebishana miaka na miaka: wapo wanaosema aina moja ni toleo la bandia lililochapwa baadaye, na wapo waliolinganisha nakala nyingi wakasema ni toleo moja lililojaa tofauti.

Nimeleta mfano huu kwa sababu moja. Zamani wachapaji walisahihisha makosa huku mashine inaendelea, na karatasi zilizokwisha kuchapwa na kosa hawakuzitupa. Tofauti ya neno moja si lazima iwe toleo jipya. Tofauti ikienea ukurasa mzima, hapo herufi zilipangwa upya.

Mkutubi wa Mkoani

Shikamoo Bi Nyaraka, na asanteni wote. Nimefanya mlivyosema. Mistari ya waya imelala, alama ya maji iko kwenye mkunjo wa ndani. Alama za chini zimekubaliana na nakala moja ya mtandaoni, ambayo maktaba yake imeandika kuwa ilichapwa Amsterdam, kwenye kurasa zote isipokuwa za Isaya. Pia nyuma ya ukurasa wa jina wa Agano Jipya kuna orodha ya watoto waliozaliwa, wa kwanza 1621, wa mwisho 1640. Je, si ushahidi kwamba kitabu kilikuwapo 1621? Na Zaburi za 1630 nizifanyeje?

Bi Nyaraka

Marahaba. Orodha ya watoto iangalie wino. Ikiwa majina yote yameandikwa kwa mkono mmoja, wino mmoja, unene mmoja wa kalamu, basi iliandikwa kwa mkao mmoja mwaka 1640 au baadaye, huenda ikinakiliwa kutoka kitabu kingine. Haithibitishi 1621. Ikiwa wino unabadilika mtoto hadi mtoto, hapo una hoja. Vyovyote vile iandike kwenye sehemu namba 561 ya rekodi, ni historia ya nakala yenu.

Zaburi ni kitabu kingine kilichofungwa pamoja, mwaka wake haugusi Biblia. Zipe rekodi yao na uunganishe. Ukikuta tundu la mdudu limepita toka Ufunuo hadi ndani ya Zaburi, umejua tu kwamba vilikuwa pamoja mdudu alipokula.

Kwenye rekodi, nakili maneno ya mchapaji yalivyo, London na 1599, ukieleza yametoka ukurasa wa Agano Jipya. Kando yake, ndani ya mabano ya mraba, weka Amsterdam na alama ya kuuliza, na kwenye 500, sehemu ya maelezo ya jumla, taja kurasa ulizolinganisha na nakala uliyoitumia. Namba ya Herbert isiingie 510, sehemu ya marejeo, kabla ya Isaya kueleweka. Kagua kitita chote cha Isaya: ikiwa majani yote manane yanatofautiana na ile nakala, karatasi za upangaji mwingine zimechanganywa humo, jambo la kawaida kwa Geneva hizi. Ikiwa ni majani manne tu, angalia kama ni yale ya karatasi ya ndani. Tuma picha za majani hayo pamoja na rula pembeni, nitayalinganisha jioni.