Kwao na muchumba wangu kuko ugonjwa wa akili, watoto yetu watarithi? Naomba ushauri

Binti_Bagira:
Jambo bayaya. Niko na miaka 26, muchumba wangu iko na 32, ngombe tulishapatana, ilibakia tu siku ya kuzipeleka. Sasa shangazi yangu alienda kuulizia ile familia akarudi na habari: mama ya muchumba aliguaka kichwa, na mukubwa ya muchumba alianza kusikia sauti akiwa chuo, bakamufungia chumba cha maombi miezi tatu mbele ya kumupeleka SOSAME, hospitali ya bagonjwa ya akili hapa Bukavu, njo munganga akasema ni skizofrenia. Muchumba aliniambiaka yote zamani, ni miye sikusema kwetu. Papa anasema ngombe zibakie kwabo juu ile damu imeharibika. Namupenda sana ule mutu lakini usiku silale, nawaza watoto. Ni kweli iko mu damu?

Infirmiye_BKV:
Yaya, natumikaka na bagonjwa ya akili, acha nikupe hesabu. Mu batu 100, kama mumoja tu njo anapataka skizofrenia mu maisha yake. Ukiwa na muzazi ao ndugu wa tumbo moja mwenye iko nayo, inapanda kama 10. Sasa angalia mapacha ya kufanana kabisa, jeni zabo ni zilezile: mumoja akigonjwa, mwenzake hata mara moja juu ya mbili haifike. Ingekuwa damu peke yake wangegonjwa bote! Kwa watoto yenu mugonjwa ni tate na baba mukubwa, si papa yabo, hapo inazungukaka 4 ao 5 kwa 100, na juu beko bawili inaweza kupanda kidogo. Tena kwa banaume inaanzaka sana mbele ya miaka 25, muchumba wako ile njia mubaya alishaivuka kwa sehemu kubwa.

Muzee_wa_Panzi:
Mutoto, sikia papa yako. Ni laana ya ukoo.

Mama_Kadutu:
Muzee, na heshima yako, mama yangu aligonjwa ile ugonjwa. Nilizala batano, bane beko bazima, wa tatu alishikwa na miaka 19. Banasema laana, kumbe miaka mbili tulipoteza mu maombi bila dawa, ile njo inaniuma paka leo. Sasa anakunywa dawa yake na anashona nguo, nguo hii navaa ni yeye.

Binti_Bagira:
Asanti mama, nimelia. Infirmiye, hakuna kipimo cha damu tufanye mbele ya ndoa?

Infirmiye_BKV:
Hakuna, na mwenye atakuuzishia anakuibia. Mu 2022 batafiti walichunguza jeni za bagonjwa zaidi ya 76,000, bakapata sehemu 287 za jeni zenye kuguswa na ile ugonjwa, kila moja inasukuma kidogo sana, hata weye na miye tuko na zingine. Na bengi mu ile hesabu ni batu ya Ulaya na Asia, si Bashi, batu ya kwetu Kivu. Kile munaweza kufanya ni kuchunga: watoto bakikomea bangi isiingie kabisa mu nyumba, na mutoto akianza kujifungia, halale, anasema peke yake, mumulete mbio, musingojee miezi.

Binti_Bagira:
Mama Kadutu, naweza kuja kwako na papa? Miye hatanisikia.

Mama_Kadutu:
Kuja naye jumamosi, nitapika sombe. Mutoto wangu atakuwa hapo, papa amuulize mwenyewe.