Ethiopia kwa siku 10: Lalibela, Gondar, Simien, Aksum na Harar, ratiba inabeba?

mwambao77
Wakuu, salaam. Tunajipanga watu wanne kutoka Dar kwenda Ethiopia Januari, siku 10 tukihesabu ya kufika na ya kuondoka. Orodha yetu ni Addis, Lalibela, Gondar, milima ya Simien, Aksum, na nafasi ikibaki Harar. Wazo lilikuwa kukodi gari Addis tuzunguke kaskazini yote. Watatu ni Waislamu, na tunaye mama wa miaka 61 ambaye magoti yake hayapendi ngazi. Kipi kisikosekane, kipi tuache?

mzee_wa_ramani
Gari la kaskazini lifuteni. Tangu Agosti 2023 mkoa wa Amhara una mapigano kati ya jeshi la serikali na wanamgambo wa Fano, na barabara za huko zinaweza kufungwa bila taarifa. Hata palipokuwa shwari, Addis hadi Lalibela ilikuwa siku mbili za kona na makorongo. Kwa ndege ni kama saa moja tu.

Kuna jambo linalowakosesha watu pesa: shirika la ndege la Ethiopia huwapunguzia nauli ya safari za ndani abiria waliokuja nchini kwa tiketi yake ya kimataifa. Kwa hiyo nunueni kwanza Dar–Addis kwao, kisha muweke oda ya safari za ndani kwa namba ya tiketi hiyo. Ukija na shirika jingine unalipa nauli ya mgeni, na tofauti si ndogo.

Simien ni pazuri mno, wale nyani gelada wakila majani ukingoni mwa magenge. Tatizo ni kwamba ndege inawaacha Gondar, halafu kuna kama kilomita 100 za gari hadi Debark, na hapo ndipo penye mashaka. Iacheni safari hii. Aksum nayo iacheni: nguzo zake zinastahili safari, ikiwemo ile ya mita 24 iliyorudishwa kutoka Italia 2005, lakini siku mbili zitaliwa na viwanja vya ndege. Siku 10 zinabeba sehemu tatu, si sita. Na wiki moja kabla ya kuondoka piga simu hoteli ya Lalibela uulize hali ya mji, usiulize wakala anayekuuzia safari.

Bint_Ngamiani
Lalibela ndiyo isiyokosekana, na mpeni mama habari kamili kabla hajafika.

Makanisa ya mwamba ya Lalibela ni 11. Yalichongwa kutoka juu kwenda chini: walichimba handaki kuzunguka bonge la mwamba, kisha wakatoboa milango na kuchimba ndani. Kwa hiyo kila kanisa limo shimoni, na kila ziara ni kushuka na kupanda ngazi za jiwe zisizolingana, bila pa kushikia. Siku ya kwanza mfanye kundi la kaskazini (Bete Medhane Alem, Bete Maryam na jirani zake), maana liko karibu karibu. Kundi la kusini-mashariki lina njia ya chini ya ardhi yenye giza totoro. Magoti mabaya yaipite nje, mwongozaji anajua njia. Bete Giyorgis, lile la umbo la msalaba, liko peke yake, na mama anaweza kuliona vizuri akiwa juu ukingoni bila kushuka hata ngazi moja. Hilo pia halina paa la kinga. Yale mapaa makubwa ya kisasa yaliyowekwa 2008 yamefunika makanisa mengine kadhaa, yanazuia mvua isile mwamba lakini yanaharibu picha, tukubali tu.

Viatu vinavuliwa kila mlangoni, kwa hiyo vaeni vya kuchomoa haraka, vyenye soli ngumu. Soksi ziwe nene na ndefu, suruali ziingizwe ndani yake, kwa sababu mazulia yale yana viroboto. Bebeni tochi. Mchana, kuanzia kama saa sita hadi saa nane, makanisa hufungwa, na wageni wengi wanaanza saa tano wakaambulia matatu. Anzeni saa mbili asubuhi. Bete Golgotha haiwaingizi wanawake. Tiketi ni moja kwa makanisa yote na inafaa kwa zaidi ya siku moja, itunzeni, inakaguliwa tena na tena.

Tarehe: Genna, Krismasi yao, ni Januari 7. Mahujaji hujaa mji mzima na vyumba hupanda bei mara kadhaa. Kama hamlengi sherehe, fikeni baada ya tarehe 10. Timkat, sikukuu yao ya Ubatizo, tarehe 19, ndiyo ya kwenda Gondar, kwenye bwawa la mfalme Fasilides, lakini chumba kiwekwe oda miezi kabla.

Gachie_254
Badala ya Simien nendeni milima ya Bale, iko mkoa wa Oromia, upande wa kusini-mashariki. Kuna ndege Addis–Robe, mji ulio karibu na milima hiyo. Gari ni siku nzima, kama kilomita 400. Uwanda wa Sanetti uko kama mita 4,000 na barabara ya gari inaupanda hadi juu, hivyo mama hatembei. Ndipo penye mbwamwitu wa Ethiopia, wale wekundu. Wanawinda fuko mchana, si usiku, kwa hiyo lala Goba, uwe juu kabla ya saa mbili asubuhi, zima injini, subiri. Ukiteremka upande wa pili unaingia msitu wa Harenna, kahawa inaota yenyewe chini ya miti.

Kosa la watu wa pwani ni kutoka usawa wa bahari na kuvamia Sanetti kesho yake. Addis yenyewe iko zaidi ya mita 2,300. Bale iwe mwisho wa safari, si mwanzo. Kichwa kikigonga na kichefuchefu kikaja, dawa ni kuteremka, si kulala hapo hapo. Makoti mazito ni lazima, usiku Januari ni baridi ya kuganda.

mwambao77
Asanteni sana. Tunaelekea Addis, Lalibela, Harar, Bale. Chakula na pesa je?

Bint_Ngamiani
Nyama ya Waislamu na ya Wakristo huchinjwa kando, na mikahawa nayo ni tofauti. Lalibela kuleni vya mfungo: mwombe "beyaynetu", injera (mkate wao mpana wa chachu) yenye mboga na dengu bila nyama, siagi wala maziwa. Jumatano na Ijumaa zinapatikana kila mahali, maana wenyewe wanafunga. Harar hamtapata shida, mji una misikiti kila kichochoro. Shukieni Dire Dawa, kisha kama kilomita 50 za gari. Makumbusho yafanyeni asubuhi, kwa sababu baada ya adhuhuri mji mzima umekaa kutafuna mirungi. Fisi wanalishwa nje ya ukuta wa mji wa kale jioni. Patana bei kabla hujashika kijiti cha nyama.

mzee_wa_ramani
Bebeni dola safi zisizokunjwa, mbadilishe benki. Nje ya Addis msitegemee kadi. Viza ya mtandaoni ombeni mapema, na ni kwa kuingilia uwanja wa ndege wa Bole, Addis. Anayetaka kupita Moyale, mpakani na Kenya, aulize ubalozini kwanza. Cheti cha homa ya manjano kiwe na siku 10 au zaidi tangu sindano. Droni msiibebe, inazuiwa pale pale Bole bila kibali.

Saa zao ni kama zetu, dereva akisema saa moja asubuhi ni saa moja yetu. Shida ni mapokezi ya hoteli, wakikuona mgeni wanageuza saa wenyewe bila kukwambia. Uliza "habesha au ferenji?" (saa ya wenyeji au ya wageni?) kila mara, hasa kwa gari la kwenda uwanja wa ndege. Tiketi ya ndege iko kizungu, ya basi inaweza kuandikwa kwa kalenda yao, tarehe tofauti kabisa, mwambie karani akuandikie na ya kwetu nyuma.