Mnenguaji: jina la kazi au la kudhalilisha?

Mpenda Dansi: Wakuu, dada akicheza kwenye bendi magazeti yanamwita "mnenguaji". Neno hili lilitoka wapi? Na mbona linawaangukia wanawake tu?

Msondo Damu: Walilileta Wakongo enzi za bendi yao ya Maquis.

Bibi Mdundiko: Wakongo wapi tena! Kunengua ni kuchezesha kiuno, Kiswahili kitupu. Wao wangetuachia "danseuse" la Kifaransa chao. Pwani watu wananengua bendi hazijazaliwa: kibwebwe kimekazwa, ngoma imekolea, kiuno kinakwenda na bega halitikisiki. Wewe hata dakika moja huwezi.

Kijana Mtulivu: Tuseme ukweli, binti aliyelelewa akaleleka hawezi kukatika mbele ya walevi. Jina limewafaa.

Dada Jukwaa: Na hao walevi mbele ni kina nani kama si nyie? Nimecheza bendi mimi. Mchana mazoezi, usiku jukwaani hadi saa tisa, goti limevimba umelifunga bandeji ndani ya soksi, unacheka. Mwimbaji anatuzwa, wewe unasubiri nauli. Niite mnenguaji, sijali. Malezi yangu yaache.

Msondo Damu: Kwani Super Nyamwela alikuwa mwanamke?

Kijana Mtulivu: Yule alikuwa dansa.

Bibi Mdundiko: Magazeti yalimwandika mnenguaji, tena kwa sifa! Ila kweli, ukilitaja neno bila jina la mtu, wote wanamwona mwanamke. Na "mchezaji" limeshachukuliwa na mpira.

Mpenda Dansi: Basi tuwaite "wacheza shoo"?

Msondo Damu: Kamuulize Koffi Olomide, yule mwanamuziki wa Kongo, anawaitaje, aliyefukuzwa Kenya 2015 kwa teke la uwanja wa ndege.

Mopao Halisi: Ni Julai 2016, kama hujui nyamaza. Na Koffi usimguse.

Dada Jukwaa: Asiguswe kwani yai? Video tuliiona wote, aliyepigwa ni mcheza shoo wake mwenyewe.

Mopao Halisi: Muziki wake mnaucheza kila harusi.

Msondo Damu: Harusi zenu hizo. Sisi Jumamosi ilikuwa Mango Garden, Kinondoni, bendi ya Twanga Pepeta, marehemu Aisha Madinda, mnenguaji wao, akiingia ukumbi mzima unasimama.

Mopao Halisi: Twanga mbele ya FM Academia, bendi ya Wazee wa Ngwasuma? Wacha utani mzee.

Mpenda Dansi: Jamani, swali langu…

Msondo Damu: Subiri kwanza mkuu, huyu wa Ngwasuma nimalizane naye.