Msaada: Weird Tales 11 za miaka ya 1930, nikate majalada nipige lamineshi?

Mzigua wa Chicago: Wakuu, habari za saa hizi. Niko Chicago mwaka wa tisa huu. Jumamosi nilipita kwenye nyumba waliyokuwa wanauza vitu vya marehemu, nikaondoka na boksi la majarida ya hadithi za kutisha, Weird Tales, nakala 11 za 1933 hadi 1936. Jalada linasema senti 25. Mimi nimelipa zaidi kidogo, tusiulizane. Hadithi sijasoma hata moja. Kilichoniua ni michoro ya majalada: rangi zinawaka kama zimechapwa jana, na saba zina sahihi "M. Brundage". Ila ndani kurasa zimekuwa kama chai ya rangi, ukigusa kingo zinadondoka unga kama ugoro. Desemba narudi Tanga moja kwa moja. Shemeji anasema nikate majalada, nipige lamineshi, ndani nitupe. Natanguliza shukrani.

Karani Mstaafu: Mwambie shemeji aweke mkasi chini! Lamineshi ni moto na gundi, ikishashika haitoki. Selotepu pia usithubutu, baadaye inaacha doa la kahawia. Kurasa za ndani ni mbao iliyosagwa, bado ina lignini, kile kinachoshikilia nyuzi za mti, na tindikali inayotokana nayo ndiyo inayoila karatasi. Jalada ni karatasi nyingine, ya kung'aa, ndiyo maana limesalimika. Kuponya hutaponya, utapunguza kasi tu: kila nakala kwenye mfuko wa poliesta (si ile plastiki laini ya PVC), nyuma yake kadi isiyo na tindikali, kisha boksi, mbali na jua. Pini zikiwa na kutu usizing'oe mwenyewe.

Mla Korosho: Sisi magazeti yetu ya katuni ya Sani yalifungiwa maandazi. Endeleeni.

Binti Chumbageni: Kaka, hiyo M ni Margaret. Wasomaji walidhani ni mwanaume mpaka mhariri alipowaambia, 1934. Mzaliwa wa hapo hapo Chicago, na jarida lilikuwa na ofisi hapo mpaka lilipohamia New York 1938, kwa hiyo boksi lako halijasafiri mbali. Alitumia pasteli, zile chaki laini, wakati wenzake wengi walichora kwa rangi ya mafuta. Tazama ngozi inavyoyeyukia kwenye moshi na kivuli bila mstari wa kuzitenga.

Kuhusu kutupa ndani, ungelia baadaye. Kama una toleo la Desemba 1935, lifungue polepole, usililaze wazi kabisa maana mgongo utapasuka. Mtafute mchoraji wa kurasa za ndani, Virgil Finlay, ndipo alipoanza Weird Tales. Nukta kwa maelfu, kwenye karatasi mbovu kiasi hicho! Mimi binafsi namweka juu ya Brundage, mnisamehe.

Mla Korosho: Nimeyaona hayo majalada mtandaoni. Wanawake karibu uchi wote. Tanga unamwekea nani ukutani, mama mkwe?

Binti Chumbageni: Hata wasomaji wa wakati ule waligombana kwa barua juu ya hilo 😂 Ukutani weka kopi. Piga skani, chapa, tia fremu. Halisi libaki gizani.

Karani Mstaafu: Na Tanga unyevu ni wa bahari. Usipeleke kwa kontena, beba mkononi. Boksi likae juu ya rafu, si sakafuni, uweke vile vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu na uvibadilishe. Lifungue kila mwezi. Mchwa hawapigi hodi.

Mzigua wa Chicago: Nimesoma moja jana usiku. Walivyotuandika Waafrika humo, nilifunga nikaenda kunywa maji.

Karani Mstaafu: Nyingi za enzi ile ndivyo zilivyo. Hifadhi hivyo hivyo, ila usimwachie mtoto azisome peke yake.

Mzigua wa Chicago: Sawa mzee. Desemba 1935 ninalo. Shemeji kaomba lenzi tangu saa mbili, hajairudisha.