Taa ya HOLD na foleni ya feri Likoni: naweza kuondoa mguu kwenye breki?

mteremko_wa_feri
Salaam aleikum wakuu. Gari ni Honda Vezel ya kutoka Japani, yenye mfumo wa kushika breki wenyewe gari ikisimama (Brake Hold). Foleni ikisimama pale mteremkoni, mara HOLD inawaka, mara haiwaki. Ni nini hasa kinachoshika magurudumu?

fundi_breki_Changamwe
Waaleikum salaam, kaka. Kinachoshika ni mafuta ya breki yenyewe. Ukikanyaga mpaka gari isimame kabisa, valvu za umeme ndani ya kasha la ABS (mfumo unaozuia magurudumu kukwama ukifunga breki) hujifunga, presha inabaki kwenye kalipa (kibanio cha breki kwenye gurudumu) na pedi zinaendelea kubana. Ukigusa eksileta ukiwa kwenye D, valvu zinafunguka. Hendibreki ya umeme haijaingia hapo. Ile ni mota kwenye kalipa za nyuma, na huingia yenyewe ukifungua mshipi, ukizima injini, au HOLD ikishika zaidi ya dakika 10.

Taa ni mbili, usizichanganye. BRAKE HOLD maana yake mfumo uko tayari tu. HOLD ndiyo inayokwambia breki zimeshikwa, na bila hiyo mguu hautoki.

Kuwaka mara moja moja: kwenye foleni ile watu huzima injini. Ukiwasha tena, kwenye Vezel nyingi mfumo unakuwa umezimika. Funga mshipi, bonyeza kitufe cha BRAKE HOLD upya. Ukikanyaga kidogo mno pia haishiki, na kwenye P au R haifanyi kazi.

chumvi_ya_pwani
Akifanya yote hayo na bado haiwaki, acheki swichi iliyo ndani ya kifungio cha mshipi na plagi za waya za kalipa za nyuma. Hewa ya chumvi huku kwetu hula pini zikawa kijani. Betri dhaifu pia huleta taa za hitilafu.

Na tafadhali, pedi za nyuma zisibadilishwe kwa kusukuma pistoni kwa klampu. Kwanza mota irudishwe nyuma kwa mashine ya kusoma kompyuta ya gari, la sivyo gia za ndani zinaweza kuvunjika na ukanunua kalipa nzima.

mteremko_wa_feri
Shukran. Na ndani ya feri?

fundi_breki_Changamwe
Usitegemee HOLD. Weka P, vuta swichi ya hendibreki, hakikisha taa nyekundu imewaka, ndipo uzime. Hata mteremkoni, ukiwa mkali au umelowa, gari yaweza kuteleza HOLD ikiwa imewaka. Mguu ubaki karibu na breki.