Bastola za fataki: ni grisi inayozuia moto usirukie chemba jirani, au ni kitu kingine?

Kijana wa Kihesa aliuliza:

Ndugu zangu, kamwene. Ninaishi Iringa mjini, na nimealikwa Ujerumani na mwenyeji wangu ambaye ni mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha kwa silaha za baruti nyeusi. Ameniahidi kwamba, chini ya usimamizi wa mkuu wa uwanja, nitaruhusiwa kupakia na kufyatua bastola ya fataki (kikofia kidogo chenye kilipuzi, ambacho nyundo hukigonga ili kuwasha baruti) ya muundo wa Remington wa 1858, kaliba .44, ya kisasa iliyotengenezwa Italia kwa kufuata ile ya zamani. Gobore nimeziona vijijini kwetu tangu utotoni, hivyo mpangilio wa baruti, kizibo, risasi na fataki si mgeni kwangu. Lakini gobore huwa na mtutu mmoja na kipimo kimoja cha baruti, ilhali bastola hii ina chemba 6, yaani matundu ya kupakia baruti na risasi, zilizokaa ubavu kwa ubavu katika silinda inayozunguka, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo.

Nimesoma kwamba moto wa chemba inayofyatuliwa unaweza kuziwasha chemba nyingine kwa mkupuo, na kwamba kinga yake ni kuziba midomo ya chemba zote kwa grisi. Wengine wanasema grisi hiyo ni ya kulainisha masizi tu. Naomba mnielimishe: grisi inafanya kazi gani hasa, iwe ya aina gani, na ni utaratibu upi wa kupakia utakaonilinda mimi pamoja na watakaosimama karibu nami?

Fundi wa Uyole alijibu:

Kijana wangu, nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kushika, na nitakujibu bila kuzunguka. Kinachozuia moto usiingie chemba ya pili ni goroli, yaani risasi ya duara, kukaza ndani ya chemba, na fataki kukaza juu ya chuchu, kile kijibomba cha nyuma ya chemba. Grisi ina kazi yake, tena kazi kubwa, lakini usiikabidhi ulinzi.

Tazama jinsi silinda ilivyo. Goroli ya bastola ya .44 huwa na kipenyo cha inchi 0.451 au 0.454, na mdomo wa chemba ni mdogo kidogo kuliko goroli hiyo. Unaposhusha wenzo wa kushindilia, ukingo wa chemba unainyoa goroli, na juu yake inabaki pete nyembamba ya risasi (metali laini ya ledi) inayong'aa, ambayo unaweza kuiondoa kwa ukucha. Pete hiyo itazame kila mara. Ikiwa ni duara kamili, maana yake risasi imegusana na chuma pande zote na hakuna upenyo wa cheche kupita. Ikiwa ni nusu duara, au haikutokea kabisa, basi goroli ni ndogo au mdomo wa chemba umeharibika, na hata ukijaza kopo zima la grisi juu yake hujaponya kitu. Usiifyatue, mwite msimamizi. Goroli nazo ziwe za risasi safi, laini. Ile iliyochanganywa na antimoni, kama ya betri za magari, ni ngumu: hainyoleki vizuri, na inaukamia wenzo mpaka upinde.

Mlango wa pili wa moto uko nyuma, na watu wengi hawautazami. Kila chemba ina chuchu yake, na kila chuchu ina tundu linaloelekea moja kwa moja kwenye baruti. Fataki iliyolegea inaweza kudondoka kwa mshindo wa risasi ya kwanza, nalo tundu likabaki wazi pembeni mwa moto wa fataki jirani. Wapo wanaoiminya fataki kwa vidole iwe kama yai ili ishike. Mimi siikubali njia hiyo, kwa sababu inaacha mianya miwili ubavuni. Fataki zinazouzwa zaidi ni namba 10 na namba 11, na chuchu za viwanda mbalimbali hazilingani, kwa hiyo mwenyeji wako atakuwa anajua ipi inakaa sawasawa kwenye bastola yake.

Sasa grisi. Ukifyatua chemba ya kwanza, moto unaotoka katika upenyo kati ya silinda na mtutu unaiyeyusha grisi ya chemba za jirani na kuirusha nje, na ukifika risasi ya tatu utakuta kilichobaki ni utando tu. Mlinzi anayekimbia kwa mlio wa kwanza si wa kumtegemea. Kazi halisi ya grisi ni masizi. Baruti nyeusi, ambayo kwa kawaida ni takribani asilimia 75 shura, 15 mkaa na 10 salfa, haiungui ikaisha: zaidi ya nusu ya uzito wake inabaki kama moshi mzito na ukoko. Ukoko ukikauka ndani ya mtutu, mifereji inaziba na shabaha inaharibika. Ukiingia kwenye mhimili, silinda inagoma kuzunguka. Remington inaumia zaidi kwa hilo kuliko Colt, kwa kuwa mhimili wake ni mwembamba na hauna mifereji ya kushika mafuta. Kwa hiyo, kabla ya kuanza, upake mhimili huo vizuri, na baada ya kila duru mbili au tatu ufute uso wa mbele wa silinda na kuupaka tena.

Mfuga Nyuki wa Mufindi aliandika:

Shikamoo Fundi. Nakubaliana nawe kuhusu goroli na fataki, na nitaongeza upande wa mafuta kwa sababu nta ndiyo kazi yangu.

Mafuta ya mashine, yale ya injini na grisi ya magari, hayafai kukutana na moto wa baruti nyeusi. Yanachanganyika na masizi na kuwa kitu kama lami, ambacho kukiondoa ni kazi. Kinachofaa ni mafuta ya wanyama au ya mimea pamoja na nta, maana hayo huyaacha masizi yakiwa laini na yenye kufutika. Mchanganyiko wa zamani ni shahamu ya kondoo na nta ya nyuki, na mimi huanza na sehemu mbili za shahamu kwa sehemu moja ya nta. Shahamu iwe haijatiwa chumvi hata chembe, kwa sababu chumvi ni kutu. Weka vyote kwenye kopo, kopo ulitumbukize katika sufuria ya maji ya moto, na usiliweke moja kwa moja juu ya jiko, kwani mafuta yakizidi joto yanashika moto. Yakishayeyuka, chuja kwa kitambaa ili vipande vya sega vibaki nje.

Hali ya hewa nayo ihesabiwe. Asubuhi ya Julai huku kwetu, au kule Makete ambako kuna sakitu, mchanganyiko wenye nta nyingi unakuwa mgumu kama mshumaa na haupakiki. Punguza nta, au ongeza kijiko cha mafuta ya alizeti. Palipo na joto, ongeza nta, la sivyo itachuruzika hadi kwenye baruti, na baruti iliyolowa mafuta hukataa kuwaka.

Mimi napendelea kizibo cha manyoya ya sufu kilicholoweshwa mchanganyiko huo, ambacho hukaa kati ya baruti na goroli. Hakirushwi na moto wa jirani, kinasugua mtutu kila risasi inapopita, na mikono inabaki safi. Anayepaka juu ya goroli hakosei, ila atachafuka.

Dada wa Makambako alijibu:

Kamwene kaka. Ninaishi Bavaria na huhudhuria uwanja kama huo unaokwenda, hivyo nitaeleza utakayoyakuta.

Sheria za huku zinaruhusu kwa urahisi silaha ya fataki yenye risasi moja, lakini bastola yenye silinda inahitaji kibali cha kumiliki, na baruti yenyewe inahitaji kibali kingine kinachotolewa chini ya sheria ya vilipuzi. Vibali hivyo vyote ni vya mwenyeji wako. Wewe utatumia ukiwa chini ya macho ya wenye mamlaka ya uwanja tu. Tafadhali usirudi nyumbani na fataki hata moja katika mizigo, kwa kuwa fataki na baruti vyote ni vilipuzi na haviruhusiwi katika mizigo ya abiria wa ndege. Na ukitamani kumiliki bastola ukiwa Tanzania, anzia polisi, kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015.

Kuhusu kupakia, utaona kila mtu amekuja na vichupa vidogo, kila kimoja na kipimo cha risasi moja, vilivyojazwa kabla ya kufika kwenye mstari. Mashindano ya kimataifa yanadai hivyo pia. Sababu yake ni kwamba cheche inaweza kuwa imebaki ndani ya chemba, na atakayemimina kutoka kwenye chombo kikubwa anaweza kulipukiwa na chombo chote mkononi, ilhali mwenye kichupa atapata mwako wa kipimo kimoja. Kwa kulenga shabaha ya mita 25 watu wengi hawajazi chemba. Wengi wa ninaowaona wanatumia kama greni 20, yaani gramu 1.3, ingawa karatasi ya kiwanda ndiyo inayoamua kikomo.

Jambo moja halina mjadala uwanjani: baruti isiyo na moshi, ile ya risasi za kisasa, haiingii katika bastola hizi kwa kiasi chochote kile. Mgandamizo wake unaweza kupasua silinda, na inaharibu zaidi ya silaha.

Kijana wa Kihesa aliandika:

Shikamoo Fundi, na asanteni dada na mwenzetu wa Mufindi. Nimebakiwa na maswali mawili. Kwanza, kipimo kikiwa greni 20 na chemba ina nafasi ya kuzidi 30, hiyo nafasi inayobaki inafanywaje? Pili, fataki ikigongwa na bastola ikakaa kimya, nifanye nini?

Fundi wa Uyole alijibu:

Marahaba. Nafasi tupu kati ya baruti na goroli isiwepo kamwe, kwa sababu goroli isiyokalia baruti inaweza kupandisha mgandamizo na kutunisha chuma. Kama wenzo unafika chini ya kutosha, shindilia goroli hadi uhisi imekaa juu ya baruti. Ukitaka goroli ibaki karibu na mdomo, ambako shabaha huwa nzuri zaidi, jazia semolina, au hata unga wa sembe ulio mkavu kabisa, juu ya baruti na chini ya goroli. Vichupa vya wenzetu wengi huwa tayari na semolina katika ncha ya pili.

Utaratibu wenyewe, kabla ya yote, unaanza na silaha tupu. Futa mafuta ya kuhifadhia katika kila chemba, kisha weka fataki peke yake kwenye kila chuchu na uifyatue ukiwa umeelekeza mtutu karibu na jani moja la nyasi chini, upande wa shabaha. Jani likitikisika, tundu liko wazi. Ndipo uvute nyundo hadi nusu, mtutu ukitazama juu au mbele na kamwe si usoni, upakie chemba moja moja: baruti, kizibo au unga, goroli, wenzo. Pakia chemba 5 na uishushe nyundo juu ya ile tupu, isipokuwa msimamizi akikuelekeza vingine. Fataki ni za mwisho, nazo huwekwa ukiwa kwenye mstari, silaha ikielekea shabaha. Kila unapovuta nyundo baada ya risasi, inua mtutu kidogo, ili vipande vya fataki iliyopasuka vidondoke nje badala ya kuingia kwenye mtambo na kuifunga silinda.

Ikikaa kimya, usiishushe wala kuigeuza uitazame. Baruti inaweza kuwa inafukuta; ielekeze kwenye shabaha kwa muda usiopungua dakika moja, halafu weka fataki mpya na ujaribu tena. Ikikataa mara ya pili, inua mkono umwite msimamizi, naye atafungua chuchu na kuondoa shehena kutoka nyuma. Chemba yenye baruti haitoki uwanjani, hata kama imebaki moja.

Siku hiyohiyo, silinda na mtutu vioshwe kwa maji ya moto na sabuni, kwa kuwa chumvi za masizi hunyonya unyevu wa hewa na kutu huanza kabla ya kesho yake. Vikaushwe kwa joto, vipakwe mafuta mepesi, na nyuzi za chuchu zitiwe grisi ili siku nyingine zifunguke. Nawe unawe mikono kabla ya kugusa chakula, maana metali ya risasi ni sumu.