Yule fundi wa Ngamiani kanila terabaiti mchana kweupe!!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Yule fundi wa kompyuta mnamjua, wa Ngamiani hapa Tanga, mwenye spika inayopiga kelele mlangoni. Nimempelekea kompyuta mpya, diski ya TB 4. Nikamwambia kwa heshima zote: niwekee Debian, Linux hiyo, kwa UEFI, ule uwashaji wa kisasa, diski iwe GPT, ugawaji mpya wa diski, patisheni ya EFI ya kuwashia GB 1 ya FAT32, /home ya mafaili yangu ikae peke yake. Nikamwandikia kabisa! Karatasi kafungia karanga.

Kanirudishia MBR, ule ugawaji wa zamani. MBR, wakuu, mambo ya 1983! Nayo haivuki TB 2. Nawasha, karibu nusu ya diski haipo. Namuuliza, fundi, zingine ziko wapi? Ananijibu mbele za watu, macho yake kwenye simu: "Dada, hizo zinaliwa na mfumo."

ZINALIWA NA MFUMO! Mfumo gani huo, una mimba ya mapacha? /home hakuna, wala sijali tena. Nimelipa hela yangu, naambiwa zinaliwa na mfumo, na mama aliyeleta redio yake akaitikia, "Ni kweli, zinaliwa."

Bin_Pangani: Pole dada. Mimi kaniwekea Linux pembeni ya Windows, Windows haionekani kwenye menyu. Eti imekufa. Kumbe GRUB, ile butiloda inayoleta menyu ya kuwashia, tangu toleo la 2.06 inazima os-prober inayotafuta mifumo mingine, unarekebisha mstari mmoja kwenye /etc/default/grub. Kanichuna elfu thelathini!

Mkwakwani_Juu: Unajua yote hayo, si ungeweka mwenyewe?

Mleta uzi: Ndiyo aniambie ZINALIWA NA MFUMO?

Chuma_Chakavu: Wengine tuna GB 128 na tunaishi. TB 4 za nini, unahifadhi bahari?

Keneli_Mbichi: EFI ya GB 1 ni ya watu wa systemd-boot, butiloda nyingine, keneli (moyo wa Linux) zote mnazirundika humo. GRUB inasoma ext4, patisheni ya kawaida ya Linux, moja kwa moja.

Bin_Pangani: Na LUKS2, diski ikifungwa kwa nywila, je? GRUB inakusumbua hapo, usitudanganye.

Keneli_Mbichi: Weka /boot, inakokaa keneli, pembeni bila kufunga, kwisha habari.

Dada_wa_Raskazone: Nyie mna butiloda, mimi umeme umekatika nafomati.

Chuma_Chakavu: Pongwe pia giza. Na bajaji leo Kange mpaka Barabara ya 8 wananiambia elfu saba!

Mkwakwani_Juu: Elfu saba?! Mwenye kofia nyekundu?

Chuma_Chakavu: Huyohuyo!

Dada_wa_Raskazone: Chenji yangu anayo tangu Idi.